Maji ya Kuoga ya Susu

Mwende mwanangu,

Watu wakiandika barua husema kwanza kwamba wao ni wazima, na kwamba hofu ni kwa yule atakayeisoma. Mimi sina hofu na mtu. Nina majivuno, tena mengi, na nimengoja mlale nyote wawili ndiyo nijivune kwa raha zangu bila wewe kuniambia, "Mama, hapo umetia chumvi." Sanduku lako liko mlangoni. Susu, bibi yako huyo, anakoroma. Mimi nimekaa kwenye cherehani, taa inawaka, na sishoni kitu.

Mambo ya kula, kuvaa na kuchagua marafiki sitayaandika. Nimeyasema tangu ukiwa darasa la kwanza, na yale uliyotaka kuyasikia umeyasikia. Blanketi pia sikufungii. Wanasema huko Lodwar ulikopangiwa kufundisha maji hutoka kwenye mfereji yakiwa ya moto yenyewe, bila sola wala stima, na nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akadhani namcheka yeye.

Ninaandika kwa sababu ya neno ulilosema jana tukikunja nguo zako. Ulisema polepole, hukunitazama: "Mama, nafikiria niombe wanibadilishie shule, wanipatie ya karibu. Nikienda mbali hivi, Susu atakuwa aje?" Nikakujibu kwa mzaha, nikasema Susu atakuwa mnene kwa sababu sasa chakula chako atakula yeye. Ulicheka, lakini niliona hukuridhika. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na halikutaka kusemwa huku mtu amebeba soksi mkononi.

Nianzie mbali, kwa sababu mengi yalitokea ukiwa chuoni, na wewe uliyapata kwa simu. Kwa simu mimi huwa nayapiga pasi maneno yangu kwanza.

Susu alipoanguka kule Ekalakala alikuwa peke yake ndani ya nyumba. Alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani aliyekuja kuazima jembe akasikia sauti yake. Babako alikuwa ameshatutoka. Ndugu zake walipokutana hospitalini wakaanza kuulizana mama akae wapi, kila mmoja akiangalia viatu vyake, mimi nilijisikia nikisema, "Mwaitu, mama yetu, anakuja kwangu." Wote wakaacha viatu vyao wakaniangalia mimi. Unajua kwa nini. Mimi na mama mkwe wangu hatukuwahi kulala chini ya paa moja isipokuwa Krismasi, na hata Krismasi tulikuwa tunaimaliza tukiwa tumechokana. Yeye aliniona mwanamke wa mdomo. Mimi nilimwona mtu asiyeridhika hata umbebe mgongoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa amekosea sana.

Nikamleta Machakos. Daktari alisema ile nyonga inataka maji ya moto, na kwamba kuinama asiiname kabisa. Hapo ndipo nilipoweka sola juu ya paa, ya kuchemsha maji ya bafu. Mimi na wewe tulikuwa watu wa karai, hatukujali. Lakini yeye hangeweza kuinamia karai, na kuogeshwa alikataa katakata. Siku ya kwanza nilibeba taulo nikamfuata. Alisimama kwenye mlango wa bafu, akaziba njia na fimbo yake, akaniambia, "Mama Mwende, siku nitaogeshwa na mtu, hiyo siku munirudishe kwangu nikakufie huko." Akafunga mlango na komeo. Kwa hivyo ilikuwa ni lazima akae kwenye kiti cha plastiki chini ya bomba, afungue mwenyewe, aoge mwenyewe. Hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki ambacho alikifanya bila kushikwa mkono, na alikishikilia kwa nguvu zote.

Kisha bomba likaanza kumchoma.

Lingekuwa linamchoma kila siku tungelijua mapema. Lilitutesa kwa sababu lilikuwa na hali zake. Leo anaoga vizuri, anatoka ananukia sabuni. Siku nyingine nasikia "Uuwi!" mpaka uani. Maji yaliyokuwa vuguvugu yamegeuka ya chai, na kabla mkono wake haujaufikia mfereji yamegeuka tena, yamekuwa baridi ya kukatisha pumzi. Anatoka bega likiwa jekundu. Malengelenge hayakutoka, Mungu ni mkubwa, lakini kwa uso aliotoka nao ungedhani nimemsukuma ndani ya sufuria.

Nikamwita Fundi Musyoka, yule wa mabomba. Akapanda juu akabadilisha kile kifaa cha sola kinachopima joto. Akashuka, akafungua bomba mbele yangu, nikaweka mkono, maji yametulia kabisa. Nikamshukuru, akaenda. Susu akaungua. Nikamwita tena, akang'oa mfereji wa kuchanganyia maji ya moto na baridi, akaweka mpya. Tukajaribu, maji yametulia. Akaenda, Susu akaungua. Mara ya tatu alifungua paipu zote akaondoa ile chumvi nyeupe ambayo maji yetu hugandisha ndani. Tukajaribu, maji yametulia kama ya mtungini. Hata hakuwa amefika mbali kabla Susu hajapiga kelele.

Nilimtukana Fundi Musyoka, mbele ya mkewe aliyefuatana naye, matusi ambayo sitayaandika kwa sababu wewe sasa ni mwalimu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafunga mkoba wake, akasema, "Mama, mimi nikiwa hapa hii maji iko sawa. Nikitoka inaharibika. Sijui kama inaniogopa." Nikaona ananichezea shere. Kumbe alikuwa amenipa ukweli wote mkononi, na mimi kwa hasira nikautupa.

Mwende, nimepoteza miaka mingi nikitafuta mtu wa kulaumu kabla sijatafuta kitu kilichoharibika. Nilipoanza biashara ya sare za shule, kuna wakati mashati yalikuwa yanarudishwa yakiwa yamefumuka kwapani. Nikamfukuza msichana aliyekuwa ananishonea. Akaenda na machozi yake, na mashati yakaendelea kufumuka. Ulikuwa ni uzi. Na uzi nilikuwa nimeuchagua mimi, kule Tala, nikamkatalia muuzaji aliyenionyesha ulio bora. Yule msichana nilimtafuta nikamrudisha, na wewe unamfahamu, ndiye anayekuita "mwalimu" tangu kabla hujaanza chuo. Ungefikiri nilijifunza. Sikujifunza.

Kwa sababu nilipochoka kumlaumu fundi, nikaanza na Susu, kimoyomoyo. Nikasema anazungusha mfereji vibaya. Nikasema anataka tu kunichafulia jina. Halafu siku moja nikamsikia akiongea kwenye simu na shangazi yako Kalunde wa Matuu, mlango ukiwa wazi, sauti juu, ili isinipite. Alisema, "Nikisikia Mama Mwende ameanza kuchota maji huko nje, mimi najua naungua."

Nilisimama hapo na kikapu cha vitunguu. Nilisikia mtu anayesema kwamba namchoma kwa makusudi. Jioni Kalunde akanipigia mimi. Hakunisalimia hata. "Mama Mwende, hii maneno imefika mwisho. Mama si mahindi ya muthokoi ndiyo achemshwe. Jumapili nakuja na gari kumchukua. Nitamtafutia msichana, akae naye huko Ekalakala." Nikamwambia Ekalakala ni mbali na hospitali. Akaniambia angalau huko maji ni baridi.

Sijawahi kukuambia vile nilivyokuwa usiku ule. Nilikuwa naiona ile sakafu. Nilijua msichana wa kuajiriwa ataenda sokoni, atatafuta mtandao kule nyuma ya kilima, na Susu atataka kuonyesha kwamba anaweza kusimama peke yake. Nilijua pia ukoo utasema nini, kwamba mwanamke wa Machakos aliachiwa mama wa mumewe akamchemsha. Hayo ya ukoo yaliniuma. Ya sakafu yaliniogopesha.

Wiki ile ndiyo ulirudi, umemaliza chuo, unangoja kupangiwa shule. Ulitukuta mimi na Susu tunapitana kwenye kibaraza kama watu wawili waliokosana kwenye foleni. Nikakukalisha jikoni nikakumwagia yote, vile nimesingiziwa, vile nimevumilia, vile hakuna mkaza mwana katika kaunti nzima aliyewahi kuteswa namna hii. Wewe ulikuwa unakula ugali. Ulimaliza, ukanawa mikono, ukaenda kwa Susu.

Nilikufuata nikasimama nje ya mlango kusikiliza. Sioni haya kukuambia, hata wewe ulijua niko hapo.

Ulimuuliza, "Susu, hiyo maji ikianza kuchoma, ile ngoma ya maji huko nje inakuwa imeanza kulia ama bado?"

Akafikiria. "Inalia kwanza. Halafu naungua."

"Na ikinyamaza?"

"Ikinyamaza naganda na baridi."

Basi. Hukumwambia pole, wala hukunitetea. Mimi nilikuwa nimesikia maneno hayohayo nikayafanya mashtaka. Wewe uliyasikia ukayafanya habari. Ulitoka ukanikuta nimejibana ukutani, ukaniuliza kama vile tuko darasani, "Mama, leo kuna mgao?" Nikasema upo, maji yamekuja tangu asubuhi. Ukasema, "Ingia kwa bafu."

Nafikiri majirani bado wanaongea juu ya siku ile. Mimi ndani, mkono chini ya bomba, wewe uani kwenye mfereji.

"Iko aje?"

"Iko sawa!"

Nikasikia maji yanaanguka kwenye ngoma, lile pipa letu la bluu, na pipa likaanza kulia. Na hapohapo moto ukanishika kutoka kiwiko mpaka vidole.

"Uuwi! Funga! Funga, wewe msichana!"

Ukafunga. Baridi ikaja, nikaruka.

"Tena!" ukasema.

"Tena ya nini? Nimeshaungua!"

"Tena, mama, ndiyo tuwe na uhakika."

Ukafungua, nikaungua. Ukafunga, nikaganda. Tulirudia mpaka mkono wangu ukawa rangi ya nyanya, na wewe huko nje nilikusikia unacheka, usinidanganye kwamba ulikuwa unakohoa. Halafu nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki cha Susu, nguo zimelowa, na kila kitu kikajipanga kichwani kwangu chenyewe.

Wakati babako anajenga lile bafu, mimi ndiye niliyesema maji baridi yatoke moja kwa moja kwenye paipu ya mgao. Nilisema yana nguvu, na nilisema maji ya tangi la juu tuyabanie, yatufae siku za ukame. Fundi wa wakati huo alitaka kubisha, nikamnyamazisha. Sola ilipokuja, maji ya moto yakawa yanatoka tangi la juu, yanashuka polepole kwa uzito wake tu. Kwa hivyo pale kwenye bomba la Susu walikutana mpole na mwenye fujo. Na huyo mwenye fujo ndiye pia aliyekuwa analisha mfereji wa uani. Ukifungua uani, baridi yote inakimbilia kwenye ngoma, moto unabaki peke yake juu ya bega la mzee. Ukifunga, baridi inarudi kwa hasira na kuusukuma moto kando.

Na siku zenyewe! Wewe unaijua nyumba yetu mgao ukija. Mfereji wa uani umeachwa wazi juu ya ngoma ili tuusikie ukikohoa. Ukikohoa, kila mtu anakimbia, tunajaza ngoma, mitungi, sufuria, birika, hata ile beseni ya kuoshea miguu. Na mimi siku hiyo, kabla sijajaza chochote, nilikuwa naufunga mfereji nampa Susu heshima ya kwanza. Siku nyingine bomba halina baridi, anajipangusa na kitambaa tu. Kwa hivyo namwita kwa furaha, "Mwaitu, maji yamekuja, ingia uoge mbele ya watu wote!" Anaingia, anafunga komeo lake, nami natoka uani nafungua mfereji. Nilikuwa namchoma kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa upendo, na nilikuwa naimba.

Na Fundi Musyoka, masikini, kila alipojaribu maji mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake mikono kiunoni, namchunguza asinilaghai. Hakuna mtu aliyekuwa anachota. Ndiyo maana maji yalimwogopa.

Nilikwenda kwa Susu nikiwa nadondoka maji. Nikapiga magoti, si kwa unyenyekevu, ni kwa kucheka. Nikamwambia, "Mwaitu, ni kweli. Ni mimi nimekuwa nikikuchoma." Nikamweleza. Akasema, "Nilisema. Hamukunisikiza." Akageukia ukutani. Na safari ya Jumapili hakuifuta. Nilikuwa nimedhani tukijua ubovu uko wapi tumemaliza kazi, lakini kujua hakumwogeshi mtu. Bega lake lilikuwa bado na hofu, na bega huwezi kulieleza mambo ya paipu.

Darasani utapata mtoto wa kulalamika, yule anayesema kila siku kwamba fulani anamfinya, au kwamba ubao haumpendi. Mimi ningemfokea. Wewe utamuuliza inaanza lini na inaisha lini. Hilo sikukufundisha mimi, wala sijui nani alikufundisha, lakini nimeliona na ninajivunia kana kwamba nilikufundisha.

Fundi Musyoka alikuja na mkewe, nikamwomba msamaha mbele yake, kwa sababu matusi nayo nilimtukana mbele ya mkewe. Alicheka. Jumamosi akakata baridi ya bafu kutoka kwenye paipu ya mgao, akaiteremsha kutoka tangi la juu, sasa moto na baridi vinatoka tangi moja na kushuka kimo kimoja, hakuna wa kumsukuma mwenzake. Wewe ulikuwa juu ya paa naye umeshika spana, umevaa suruali ya babako. Mlipomaliza jioni hakukuwa na mgao wa kujaribia. Fundi akapangusa mikono, akasema, "Mama, bila mgao hatuwezi kujua. Hapo sasa ni kuomba Mungu." Nikamwambia Mungu nimeshamwomba, sasa nilikuwa nategemea yeye fundi.

Jumapili Kalunde akafika na gari. Susu alikuwa ameketi sebuleni, kitambaa kichwani, mkoba miguuni, Biblia mapajani, fimbo mkononi, yuko tayari. Chai ikanywewa. Kalunde hakuniangalia. Mimi nilikuwa nimeshabembeleza tangu alfajiri na maneno yalikuwa yameniishia, na unajua yale si mambo ya kawaida kwangu. Kalunde akasimama, akachukua mkoba. Susu akasimama.

Uani mfereji ukakohoa.

Sote tuligeuka, hata Kalunde na hasira zake zote. Maji ni maji, na Mkamba ni Mkamba. Ukakohoa tena, ukatema hewa, halafu ngoma ikaanza kulia. Ulinitazama, nami nikakutazama. Nilivua viatu. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kanisani la rangi ya zabibu, na nywele nilikuwa nimetoka kuzitengeneza Ijumaa, bado zinanukia mafuta. Nikaingia bafuni hivyohivyo, nikafungua bomba la Susu, nikasimama chini yake.

"Fungueni zote!" nikapaza sauti. "Kalunde, wewe shika ule wa nje! Fungua wewe mwenyewe, ili usiseme tumekudanganya!"

Nilimsikia anafungua. Nikasikia jikoni unafungua, na choo kikavutwa. Nyumba nzima ilikuwa inanguruma maji. Nilifumba macho nikangoja kuungua. Maji yakabaki vilevile. Nikasema, "Funga!" Ngoma ikanyamaza, nikangoja baridi, baridi haikuja. "Fungua!" Vilevile. "Funga! Fungua! Funga!" Maji yalikuwa yananimiminikia vuguvugu, yametulia, hayana habari na mtu. Nilipiga vigelegele mle ndani mpaka jirani akaja kwenye ua kuuliza kama kuna posa. Ukamwambia ndiyo, mama anaolewa na bomba.

Nilitoka gauni limenishika mwilini na nywele zimelala kama za kifaranga aliyenyeshewa. Susu alikuwa bado amesimama palepale. Akanichunguza kutoka juu mpaka chini, akaushika mkono wangu, akaugeuza kama mtu anayechagua viazi.

"Haijakuchoma?"

"Haijanichoma, mwaitu."

"Hata Kalunde akifungua?"

"Hata Kalunde akifungua yote."

Akauachia mkono wangu. "Kalunde, weka hiyo mkoba chini. Hii kitu nataka kujionea."

Haya yote unayajua, ulikuwepo, na umeyasimulia kila mahali, hata kwa watu ambao sikutaka wayajue. Unajua pia kwamba Kalunde siku hizi akija kutoka Matuu huja na taulo lake, eti anapitia tu kumsalimia mama. Anaoga mpaka tangi linalia. Namwacha. Huo ndio ushindi wangu, na hata sabuni yake nimeshamwekea dirishani.

Lakini Susu alipoingia kuoga kuna jambo ambalo hukuliona, kwa sababu mlikuwa uani, wewe na Kalunde, mnafungua na kufunga makusudi, mnacheka kama watoto. Mimi nilibaki kwenye kibaraza, nje ya mlango wa bafu, nadondoka. Kila ngoma ilipolia nilikaza meno. Ngoma inalia, ndani kimya. Inanyamaza, ndani kimya. Halafu nikasikia komeo likivutwa, na sauti yake: "Mama Mwende."

Nikajua ameungua. Nikafungua kidogo, nikatazama chini ili nisimwaibishe.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amenipa mgongo, maji yanamteremkia. Ule mgongo sikuwahi kuuona. Ni mdogo, Mwende. Ndio uliombeba babako. Hakugeuka. Akanyoosha mkono nyuma, ameshika kile kitambaa cha kusugulia, akasema, "Huko katikati mkono haufiki. Tangu nianguke haujafika. Njoo unisugue."

Niliingia na gauni langu la kanisani nikamsugua. Nilianza polepole, akaniambia niweke nguvu, yeye si kikombe. Nje ngoma ililia, ikanyamaza, ikalia, na maji hayakubadilika juu yake wala juu ya mikono yangu. Nilikuwa nalia, na kwa vile nilikuwa nimelowa tayari, hakuna aliyejua isipokuwa labda yeye. Nilipommwagia maji ya mwisho alisema, bado hajageuka, "Enda umwambie Kalunde arudi na gari yake. Mimi niko nyumbani."

Tangu siku ile ananiita kila asubuhi, na mlango hafungi na komeo. Sikuwahi kukuambia, kwa sababu lilikuwa letu sisi wawili.

Panda gari kesho, mwalimu. Usigeuke kutuangalia. Sisi huku tunaoga.

Mama yako